SOMO: Kupita buibui wakubwa wa Resident Evil bila kumaliza risasi, pamoja na yule mama yao wa pangoni

Salaam aleikum na hamjambo wote. Wiki hii pekee vijana watatu wamenijia na shida moja, wamekwama kwa buibui wa Resident Evil ya kwanza, mmoja wao katupa kontrola ukutani mpaka kile kijiti cha kushoto sasa chavuta chenyewe, na kontrola ni yangu si yake. Nkaona badala ya kueleza mmoja mmoja kila usiku niandike mara moja, atakayeuliza tena ntamwambia kasome.

Tuelewane kwanza ni gemu ipi manake ziko nyingi. Ile ya kwanza ilitoka 1996 kwa PlayStation ya kijivu, waliotengeneza ni Capcom, kwao Japani yaitwa Biohazard. 2002 wakaitengeneza upya kwa GameCube, na hiyo ya 2002 ndo iliyosafishwa picha ikatoka tena 2015 kwa PS3, PS4, Xbox na kompyuta. Ya zamani nimeicheza utotoni Majengo kwa CD ya kuchomwa isokuwa hata na kava, hii ya 2015 ndo niliyo nayo hapa kwangu Kisauni. Somo ni la hizo mbili, penye tofauti ntakwambia.

Hadithi kwa ufupi kwa asiyejua: kampuni ya Umbrella ilikuwa ikitengeneza virusi, T-virus, kwa siri kwenye jumba la Spencer huko milimani nje ya Raccoon City, vikatoroka. Watu wakawa mazombi, halafu vikaingia kwa mbwa, kunguru, nyoka, mpaka papa, na buibui nao wakapata fungu lao. Wa kawaida waitwa Web Spinner, mmoja akikaa mlangoni hupiti. Mkubwa wao ni Black Tiger, huyo ana chumba chake mapangoni.

Nlipofika kwa Black Tiger mara ya kwanza nlikuwa na kama miaka kumi na tatu, tuko kwa jirani, taa tumezima makusudi, sauti tumepandisha. Mnyama kashuka toka juu, na sekunde hiyohiyo mlango wa nyuma yetu ukafunguka akaingia mamake rafiki yangu katoka arusini, kavaa buibui lake jeusi. Tulipiga mayowe jirani wa pili akatoka na mchi. Mpaka leo mama yule akiniona njiani huniuliza, haya, yupi aliyekutisha, wa kwenye tivii au mimi?

Haya tuanze.

HATUA YA 1: Usimuue usiyelazimika kumuua

Hili ndo somo lenyewe, yaliyobaki ni nyongeza. Risasi za gemu hii zina hesabu. Hakuna duka, zombi akifa haangushi kitu, ulichookota ndo hicho mpaka mwisho. Web Spinner amekula risasi za bastola kibao na akifa hakupi hata asante. Na mlango ukishafungwa nyuma yako hakufuati, anabaki humohumo na utando wake. Kwa hivo ukifungua mlango ukamuona usianze kufyatua kwa kiwewe, jiulize maswali mawili tu: humu kuna kitu nachokitaka? na ntapita humu tena mara ngapi? Ikiwa ni njia ya kupita mara moja, kimbia. Ikiwa utarudi rudi, mtie shotigani ya karibu umalizane naye.

Kukimbia nako kuna namna. Usimpite mbele ya mdomo, hapo ndo atakutemea, mvute aje upande mmoja wa chumba halafu uzunguke ubavuni, mwili wake mkubwa kugeuka si kama yule wa nyumbani anayepotea nyuma ya kabati ukipepesa jicho. Ukiona chumba chembamba na kakuziba, toka nje urudi, aghlabu utamkuta amekaa pengine.

Tena nyinyi wa ile ya 2015, najua mmezoea kubeba mafuta ya taa na kiberiti cha kuchomea maiti za mazombi, sababu zombi usipomchoma anarudi mwekundu mwenye makucha na mbio. Buibui hana hayo mambo. Akifa kafa. Mafuta yako weka kwa mazombi.

HATUA YA 2: Panga mfuko kabla hujashuka mapangoni

Wachagua mhusika mmoja wa kucheza naye, Jill au Chris. Jill ana nafasi 8 mfukoni, Chris ana 6, na hizo sita za Chris ni mateso, nakubali. Mimi hushuka na silaha moja nzito na risasi zake, majani ya dawa ya buluu mafungu mawili, kijani kilichochanganywa na chekundu fungu moja, na KISU. Kisu nimekiandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila mtu hukitia sandukuni saa ya kwanza akaona ni mzigo, halafu akifika kwa Black Tiger aanza kulia. Utaona hatua ya 5 kwa nini. Acha nafasi moja tupu pia, mapangoni kuna vitu vya kuokota.

Sanduku za gemu hii zote ni sanduku moja, ukitia kitu jumbani wakitoa pangoni, usiniulize vipi, hata fundi wa Umbrella hajui.

HATUA YA 3: Masikio kwanza, halafu angalia juu

Kamera za gemu hii hazikufuati, zimegandishwa kwenye kona. Kuna wakati buibui yuko juu ya kichwa chako na wewe skrini yakuonyesha viatu vyako. Waliotengeneza walifanya makusudi hivyo, ndo uoga wenyewe uko hapo. Kwa hivyo vaa hedifoni. Miguu ya buibui ina mlio wake, wa kukwaruza kwaruza, si kama zombi anayeburuta mguu akiguna. Ukiusikia na humuoni basi yuko juu au ukutani.

Sasa watu wengi hapa ndo wanapopoteza risasi, wanalenga mbele wakati yeye yuko darini. Kwa ya zamani shikilia R1 ya kulenga halafu bonyeza mshale wa juu, mkono wainuka, ndo ufyatue. Kwa ya 2015 ni vilevile, batani tu ndo zaweza kuwa zimehama kulingana na ulivyochagua kwenye seti, yaani mipangilio ya gemu. Na usifyatue akiwa mbali, shotigani ya mbali ni kumpulizia vumbi.

HATUA YA 4: Kinachokuua ni sumu

Kuumwa mara moja na buibui hufi. Shida ni akikutemea au akikuuma ukaingia sumu, basi afya yaenda yavuja taratibu hata ukiwa umeshatoka chumba kile, wewe huna habari wazidi kuzunguka kutafuta ufunguo. Vijana wote watatu walionijia, nlipowauliza mmefungua skrini ya hali yenu mkaona imeandikwa nini, kimya. Fungua uangalie! Ikiwa imeandika sumu, kula majani ya buluu. Ya kijani peke yake yatakujazia afya lakini sumu iko palepale, ni kama kujaza maji ndoo iliyotoboka.

Ukichanganya kijani na buluu wapata vyote viwili kwa nafasi moja, afya kidogo na sumu yatoka. Ukichanganya kijani, chekundu na buluu, hiyo ni dawa kamili. Kwa Chris mwenye nafasi sita mchanganyiko huu ni lazima. Lakini usile mapema, subiri umalize na buibui wa chumba hicho, manake ukila halafu akutemee tena umepata hasara mara mbili.

HATUA YA 5: Black Tiger

Huyu yuko mapangoni, baada ya ule msiba wa Enrico, mwenzao wa kikosi anayeuawa humo, na baada ya lile jiwe linaloviringika. Sevu kabla, kila kusevu kwala ribon moja ya taipuraita lakini usione uchungu, hapa ndo pake.

Ukiingia utashangaa chumba kitupu, halafu yeye ashuka toka juu. Usisimame katikati. Jill, chukua kirusha bomu na risasi za moto, simama mbali kidogo, piga, ondoka pale uliposimama, piga tena. Mdundo ni huo, piga moja ondoka, usikae kupiga tatu mfululizo ukiona anakaribia, hapo ndo watu hufa. Chris yeye humo mapangoni kuna bunduki ya kumwaga moto, itumie, ndo kazi yake, na kama huiamini basi shotigani ya karibu karibu na majani ya kutosha.

Akifa, usisherehekee. Tumbo lapasuka watoka vitoto vyake, vidogo, vingi, vyamiminika chini kama siafu. Hivi usivipotezee risasi hata moja!! Viache, jisogeze.

Halafu ndo waenda mlangoni wakuta umezibwa na utando mzito, huo mlango haufunguki. Risasi usizipoteze hapo. Utando wakatwa kwa kisu, au wachomwa kwa ile bunduki ya moto. Ndo kisa cha kisu. Piga piga mpaka uachie, halafu pita, na kabla hujaenda mbali fungua skrini uangalie sumu.

Ndo hivyo. Maswali tieni hapa chini, ntajibu nikitoka kazini.

MASWALI

Dogo wa Bamburi: Maalim asante. Sasa kwa mtu mgeni achukue Jill au Chris? Mimi nimeanza na Chris kwa sababu ni mwanamume lakini naona nateseka.

Jibu: Uanaume hauongezi nafasi za mfuko hehe. Anza na Jill. Nafasi nane, kirusha bomu anacho, na vitasa vingine avifungua bila ufunguo. Chris ana nguvu zaidi akipigwa lakini ni gemu ya mtu ambaye ashaijua nyumba. Na kwa ile ya 2015 kuna kiwango rahisi kabisa pale mwanzo, kichague, hakuna atakayekuja kukukagua.

Fundi Changamwe: Wewe unatuambia buibui buibui, mimi nimecheza Resident Evil 2 mpya yote, Leon na Claire, hakuna buibui hata mmoja. Usitudanganye yakhe.

Jibu: Fundi, wewe umecheza ile ya 2019. Humo waliwatoa. Kwenye ya asili ya 1998 wamo, kwenye mitaro ya maji machafu, na wanapanda kuta vilevile. Sehemu ya tatu ya 1999 wamo pia, ilipofanywa upya 2020 wakatolewa. Ukitaka kuwaona tena kwa picha nzuri cheza hii ya kwanza ya 2015, au Resident Evil Zero, Rebecca na Billy, humo wamejaa. Mimi binafsi naona walikosea kuwatoa, mitaro bila buibui ni mabomba tu.

Bint Likoni: Mimi swali langu tofauti. Dadangu apenda gemu lakini buibui akiona hata picha ashikwa na pumzi, si mchezo, atetemeka kweli. Kuna gemu za kutisha anaweza kucheza?

Jibu: Dada hiyo si kitu cha kumcheka, kuna watu wengi wako hivyo. Resident Evil 2 ya 2019 kama nlivyomjibu Fundi hapo juu, haina buibui, ampe hiyo. Resident Evil 7 asiiguse, kuna yule mama Marguerite, wadudu wake na vile anavyotambaa ukutani baadaye ni buibui kasoro jina. Siku hizi gemu nyingine zina seti ya watu wa hofu hii. Grounded, ile ya watoto waliofanywa wadogo kama chungu, ina kipimo waendelea kukipandisha buibui aondolewa miguu, mwisho abaki madonge tu yanayoelea. Lethal Company nayo wao wamekata shauri, ukiwasha seti hiyo buibui apotea kabisa linabaki neno SPIDER likikufukuza kwenye korido. Hilo neno nalo latisha, lakini angalau halina manyoya.

Mjomba Kuze: Nimeumwa sumu, nikakumbuka ile dawa ya sindano ya chumba cha dawa jumbani, nikarudi mbio mbio toka mapangoni. Nimekufa njiani. Nilikosea wapi?

Jibu: Pole mjomba. Ile sindano ni ya kisa cha nyoka mkubwa, Yawn. Sumu ya buibui dawa yake ni majani ya buluu, na hayo ungekuwa nayo mfukoni. Soma hatua ya 2 tena.

Kaka Tudor: Somo zuri ila umewafanya watu waoga. Mimi naua wote kwa kisu, risasi hata moja sitoi.

Jibu: Mashallah. Wewe huhitaji somo.

Kaka Tudor: Nasema tu.

Mwanafunzi Mtongwe: Maalim, mbali na gemu, buibui mkubwa namna hiyo aweza kuwepo kweli? Mwalimu wetu wa sayansi alisema haiwezekani lakini kengele ikalia hakumaliza.

Jibu: Mwalimu wako yuko sawa, ngoja nikumalizie. Chukua buibui umkuze mara 10 kila upande. Eneo la mguu ukiukata katikati, yaani ile sehemu inayobeba, laongezeka mara 100. Uzito lakini waongezeka mara 1,000, kwa sababu ni urefu mara upana mara kimo. Kwa hivyo kila mguu sasa wabeba mzigo mara kumi kuliko ulivyoumbiwa. Endelea kumkuza mpaka awe kama Black Tiger, atalala chini kama mkeka.

Halafu kuna jambo la pili mimi lilinishangaza. Buibui viungo vyake vikubwa vya mguu havinyooshwi na misuli, vanyooshwa na maji ya mwilini yakisukumwa kwa nguvu, kama jeki ya lori. Ndo maana buibui aliyekufa utamkuta kajikunja miguu yote ndani, presha imeisha. Sasa fikiria presha ya kunyoosha miguu ya buibui wa ukubwa wa tuktuk. La tatu pumzi, wengi wao wana mapafu yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, hayapumui ndani nje kama yetu, mwili mkubwa ungekosa hewa. Mzito kuliko wote duniani yuko Amerika Kusini, Theraphosa blondi, gramu kama 170, miguu ikinyooshwa kama sentimita 28 hivi, sahani ya pilau. Huyo ndo mwisho. Wa kwetu hapa yule bapa wa nyuma ya kalenda hana haja na wewe, awinda mende, mwache afanye kazi.

Mama Zainabu: Hilo la kumwacha nakuunga mkono. Bibi yetu alikuwa hatuachi tuue buibui ndani ya nyumba, akisema ndiye aliyetanda utando mlangoni mwa pango Mtume (SAW) na sahiba yake walipojificha. Sasa hawa wanangu wamwita buibui bosi na wampiga bomu.

Jibu: Shikamoo mama. Nami nlikuzwa na kisa hichohicho, na nyumbani siui hata mmoja, natoa kwa fagio polepole. Hawa wa gemu si buibui wa Mungu, hawa ni wa kampuni.

Mlinzi wa Zamu, Mwembe Tayari: Niko na laptop ya zamani haiwezi gemu za sasa. Ile ya 1996 yapatikana wapi ya halali?

Jibu: Ilirudishwa kwa kompyuta 2024 na GOG, duka la intaneti, walianza na ya kwanza, ya pili na ya tatu zikafuata mwaka huohuo. Ni ileile ya zamani imetengenezwa tu ikubali kompyuta za sasa, laptop yako itaiweza. Ukiwa zamu usivae hedifoni lakini.

Shabiki wa Mvita: Nimemuua Black Tiger na Jill, niko mlangoni kwa utando, kisu nimekiacha sandukuni. Nianze gemu upya?

Jibu: La la la usianze upya! Ashakufa, huna haraka. Rudi ulikotoka mpaka kwenye sanduku, chukua kisu, rudi ukate. Hao hunters waangalie njiani tu, wale wa kuruka, hao ni hatari kuliko buibui na watakata kichwa. Ukiwa na majani pungufu sevu kwanza.

Asiyejulikana: Maalim ni mimi, yule wa kontrola. Nimempita jana usiku, kwa kisu na yote, vitoto nimeviruka, sumu nimeangalia. Nikasema acha nitembee kidogo mbele kabla ya kusevu, stima ikapotea mtaa mzima. Nimerudi nyuma kabla ya jiwe.

Jibu: Pole sana mwanangu. Mara ya pili utampita kwa dakika tano, mkono ushajua. Na kontrola?

Asiyejulikana: Mwisho wa mwezi inshallah.

Jibu: Mwezi upi?